Kidonge Hakina Macho

Mama, ulinipigia simu kutoka Usinge
honi ya treni ikikukata maneno,
ukauliza: "Hiki kidonge kinajuaje
kuwa kinachouma ni kichwa, siyo goti?"

Nilikuwa dukani Isevya, wateja wamesimama,
nahesabu vidonge kwa kisu cha plastiki,
tano, kumi, kumi na tano,
nikakujibu mbiombio: "Kinajua tu, mama."

Nilikudanganya.
Kidonge hakina macho.

Usiku huu nimefunga duka, nakuandikia
nyuma ya karatasi ya stoo. Milembe atakusomea,
mwambie asiruke mistari.

Kidonge kikishuka hakiulizi njia.
Kinayeyuka kama chumvi ya Uvinza kwenye mchuzi wa uyoga,
utumbo unakinyonya, damu inakipakia,
na kama behewa la Kigoma lisivyofika Dar
bila kupita Tabora,
damu ya utumbo haiufikii moyo
bila kupita kwenye ini.
Ini ndiyo stesheni yetu.
Hapo shehena inakaguliwa, inapunguzwa,
nyingine hailiagi tena jiji.
Ndiyo maana cha kumeza hupimwa kingi kuliko cha sindano:
tunahesabu na kile kitakacholiwa njiani.

Kinachosalia kinakwenda kila mahali.
Kwenye goti. Kwenye ukucha.
Kwenye lile jicho lako lenye ukungu.
Kinabisha, kinapita, kinabisha,
mpaka kikute tundu la kufuli
linalokubali meno yake,
na hapo ndipo kinapofanya kazi.
Tundu kama hilo likiwepo na kwingine, nako kitaingia.
Ndivyo ile dawa ya presha
ilivyoishusha presha, ikaivimbisha miguu.
Haikukosea, mama. Haikuona.

Tena ipo dawa isiyofungua kitu.
Inaingia kwenye tundu, inakaa, haizunguki,
ufunguo mbaya ukija ukute pamejaa.
Unamkumbuka baba Shija
alivyokuwa akikalia benchi la chama cha msingi tangu alfajiri,
hana hata jani la tumbaku la kuuza,
ili mdeni wake akose pa kukaa?
Basi, hiyo.

Ukauliza pia: asubuhi nimemeza, mchana tena wa nini?
Kwa sababu mwili unakata, mama,
kama chama kilivyokukata mkopo wa mbolea:
saa chache, nusu. Saa chache tena,
nusu ya iliyobaki.
Ukichelewa, mlangoni hapabaki mtu wa kubisha.
Ukirudia kabla haujakata, mtungi unafurika,
na figo zako, wewe na mimi tunajua,
siku hizi zinachota kwa kikombe.
Dawa na sumu hulala chupa moja.
Kijiko ndicho kinachowaamsha, mmoja au mwingine.

Sasa hili la wembe.
Milembe kaniambia. Unavikata vya presha katikati,
nusu yako, nusu ya Kalunde,
kwa kuwa mlichimba kisima kimoja
na chumvi mnaazimana.
Sikufundishwa chuoni namna ya kukaripia upendo.
Ila nusu haifiki, mama.
Mnagawana kidonge, na presha
mnabaki nayo kila mtu yake, nzima.
Mwambie aende zahanati wampime,
cheti chake akitume kwa Mihambo wa mizigo,
vyake nitavilipia mimi.
Wembe mpe Milembe achongee penseli.

Nimeandika kama najua kila kitu.
Nikaamka nikafungua kitabu, kile kinene,
nikakitafuta kidonge chako cha kichwa:
kinaingia mlango gani hasa, kinafungua nini.
Kurasa mbili nzima za labda na inawezekana.
Wenye vitabu wenyewe bado wanabishana, mama,
na miaka yote hii tunakiuza, watu wanapoa.

Kichwa kilitulia, lakini?